Profesora na Mpapai wa Choo

Kwetu mtu akiwa chooni na akasikia kandambili zinakaribia, hukohoa. Kikohozi kidogo tu, cha adabu, ili yule wa nje ajue kuna mtu na ageuze njia kana kwamba tangu mwanzo alikuwa anakwenda kwingine. Profesora hakuwahi kukohoa. Yeye alipaza sauti kutoka nyuma ya ukuta wake wa makuti, sauti ileile aliyokuwa akiitia majina darasani:

"Kuna mtu! Anakunya! Ngoja!"

Mtaa mzima tulisikia. Mama yangu, ambaye jiko lake lilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, aliweka ungo chini, akamtazama kuku aliyekuwa karibu, akamwambia, "Wee kuku, mwambie huyo wa chooni kwamba mtu mzima huwa na haya."

Na kutoka chooni jibu lilikuja: "Wee kuku, mwambie mama yako kwamba hata weye unakunya juu ya mafiga yake na hajakuchinja."

Ndivyo walivyosemezana wale wawili kwa miaka mingi. Hawakusalimiana, hawakuulizana hali, hawakuombana moto wala chumvi. Kila neno lilipitia kwa kuku. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kuku wanaelewa, na nilikuwa nikiwahurumia kwa kazi ile.

Namwita Profesora kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote. Kwetu wa madrasa ni mwalimu, wa shule ya serikali ni profesora, na hata alipostaafu jina halikustaafu. Alizaliwa wapi na nani, sijui na sikuuliza. Wengine walisema Diaca, wengine bara zaidi, na waliomchukia sana walisema hakuzaliwa, aliota tu kama upupu. Mimi shule nimeishia klase ya saba, na maandishi yangu ni haya mnayoyaona. Mkikuta yamepinda, lawama mpelekeeni yeye, maana aliyenifundisha ndiye.

Ninachotaka kusimulia ni hiki: mwanamke huyu alitufundisha maisha yake yote kwamba anachokitoa kiumbe mwilini hakina aibu, ni dalili kwamba yu hai. Kisha uzeeni nusura afe kwa aibu hiyohiyo. Na aliyetumwa kwenda kugombana naye ili asife ni mimi, binti wa jirani.

Tuanze na ulimi wake, maana mwili ulikuwa mwepesi, ulimi ndio ulikuwa na kilo. Alikuwa mkavu, mrefu, shingo kama ya kongoti, na kwenye pembe ya khanga yake palikuwa na fundo siku zote. Wanawake wengine hufunga fedha humo. Yeye alifunga kipande cha sabuni. Ukimsogelea ulisikia harufu ya sabuni kwanza na tusi baadaye. Kwa mtu aliyempa salamu akiwa na pua inayochuruzika: "Salamu nimepokea, makamasi yabaki kwako." Kwa bibi harusi aliyetolewa nje kwa shangwe, amepakwa na kupambwa: "Umependeza. Kucha umenawa?" Kwenye msiba wa mtu aliyekuwa hampendi alisema, mbele ya wafiwa, kwamba marehemu hakuwahi kuwa na choo na sasa amechimbiwa shimo kwa mara ya kwanza. Watu walitaka kumpiga. Alikaa palepale kwenye jamvi mpaka mwisho, akala pilau, akanawa, akaondoka.

Sisi watoto tulimwogopa na tulimwigiza. Hakuna mtoto wa kwetu asiyeweza kuiga mwendo wake wa kwenda ubaoni.

Somo lake kubwa lilikuwa la viumbe hai. Nadhani masomo mengine alifundisha kwa kulipwa, hili alifundisha kwa hamu. Alisimama mbele yetu na chaki, akauliza:

"Jiwe linakula?"

"Haliliiii!"

"Jiwe linakunya?"

Hapo tulicheka, na aliyecheka sana alipigwa. "Linakunya?"

"Halinyiiii, Profesora!"

"Mbuzi?"

"Anakunyaaa!"

"Mpapai?"

Akatuambia mpapai nao unatupa: unatupa majani, unatupa maua, unatoa utomvu. Kaa anavua gamba lake na kuliacha mchangani. Mtoto anatupa meno. Kila kilicho hai kinaingiza na kinatoa, na kinachoacha kutoa kimekufa au hakijawahi kuwa hai. Kisha akauliza: "Na mimi, Profesora wenu?"

Darasa likawa kimya kabisa. Nilikuwa dawati la mbele, nikaona heshima inataka mtu wa kuisema. Nikasimama. "Hapana, Profesora. Weye hapana."

Alinijia taratibu. "Hapana?"

"Hapana, Profesora."

"Kwa hiyo mimi maiti?" Akanipiga rula mkononi. "Nimesimama hapa nanuka? Nizikeni basi! Nizikeni!" Darasa lilivunjika kwa kicheko na mimi nikalia, na kuanzia siku ile nilijua jibu.

Nilikuwa na ndoto, bado ninayo, ya kwenda kufanya kazi kisiwani Vamizi, kule kwenye nyumba za wageni, ambako mchanga ni mweupe mpaka macho yanauma. Wavuvi wakirudi kutoka Rongui, kisiwa cha jirani, walitusimulia jinsi wazungu wanavyolala juu ya mchanga ule mchana kutwa bila kufanya lolote. Nilimwambia Profesora siku moja nikitarajia atanisifu kwa kuwa na lengo. Akasema, "Ule mchanga unajua ni nini? Mavi ya pono. Pono anatafuna matumbawe, anakunya mchanga. Wamepanda ndege, wamepanda boti, wakaja kulala juu ya mavi ya samaki na wanapiga picha. Nenda, mwanangu. Nenda ukawafagilie."

Nilifikiri ni chuki tu. Baadaye mvuvi mmoja akaniambia ni kweli, pono ukimpasua tumbo unakuta mchanga mweupe kama unga. Ndoto yangu haikufa kwa habari hiyo. Ilizidi kunichekesha tu, na ndoto inayochekesha haichoshi.

Sasa pwani. Pwani yetu imegawanyika tangu zamani: upande wa mikoko wanaume, upande wa mawe wanawake. Maji yakitoka asubuhi watu wanashuka, maji yakijaa bahari inachukua. Na si haja peke yake iliyofanyika pale. Wanawake waliochuchumaa na khanga zimefunika vichwa walipeana habari zote za mji, nani kaachwa, nani ana mimba. Nadhani wengine walishuka bila haja, kwa ajili ya soga tu.

Profesora aliwafuata hukohuko. Alisimama juu ya jiwe, mkono kiunoni, akawapigia kelele: "Bahari si mjakazi wenu! Mnatupa leo hapa, kesho mnashuka na vikapu kuokota kombe hapahapa! Mnakula mlichokitoa!"

"Si weye uliyesema kunya ni uhai?" mwanamke mmoja alimjibu kutoka chini ya khanga yake. "Basi tuache tuwe hai!"

"Kutoa ni kwa Mungu," akasema. "Pa kutolea ni kwa akili. Mungu kakupa kimoja, kingine umekikosa."

Yeye ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuchimba choo cha shimo. Watu walimcheka. Kukaa na kitu kile karibu na unapolala, mwaka hadi mwaka, wakati bahari ipo, waliona ni uchafu wa mtu mwenye wazimu. Na shimo lilipojaa akafanya jambo la kuwashangaza zaidi. Alilifukia, akasubiri, akapanda mpapai juu yake, akachimba choo kingine pembeni.

Mpapai ule! Sijaona mpapai kama ule. Shina nene kama pipa, mapapai yamebanana shingoni mwake kama watoto wanaogombea titi. Yalipoiva Profesora aliyaweka kwenye sinia, akafunika kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, akamtuma mtu kugawa nyumba kwa nyumba. Ilikuwa uchokozi na alijua ni uchokozi. Hakuna aliyekula. Mama alipokea sinia kwa vidole viwili, akamimina kuku, kisha kwa muda mrefu akakataa mayai ya kuku wale. Profesora alikaa barazani kwake, akijikatia vipande vikubwa, juisi inamdondoka kidevuni, akila polepole ili tuone.

Mimi sikuwahi kuonja. Hata mwaka ule tulipokimbia vita na tukarudi tukakuta nyumba zimeungua, mashamba yamekuwa msitu, na mpapai ule umesimama peke yake umejaa matunda, nilitafuna muhogo mbichi. Wapo waliokula. Hawajasema mpaka leo na mimi sitawataja.

Nimetaja kukimbia, basi niseme hili pia. Tulijificha vichakani, watu wengi mahali padogo, hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya. Profesora alitembea kwa magoti kutoka mtu hadi mtu akinong'ona. Nilidhani anatufariji. Aliponifikia niligundua kwamba anatutukana: "Chimba kwanza. Kwa kijiti chimba. Fukia. Hata paka anafukia, weye uliyesoma hufukii?" Tumejificha tusiuawe, yeye anahangaika na mashimo.

Palikuwa na mama mmoja, mgeni kwetu, ambaye mtoto wake alikuwa anaharisha. Alikuwa amemfuta mpaka khanga zimemwishia, akaanza kulia kimyakimya, mdomo wazi bila sauti. Profesora akamnyang'anya mtoto. Akamsafisha kwa majani na kwa maji yake mwenyewe ya kunywa, kwa mkono wa kushoto, mpaka kwenye mikunjo, akafungua fundo la khanga, akatoa kile kipande cha sabuni. Na muda wote alikuwa anamtukana yule mama kwa mnong'ono. "Unalia nini? Anakunya kwa kuwa yu hai. Siku akinyamaza ndiyo ulie. Mjinga mkubwa weye. Shika miguu." Mtoto alipona. Yule mama nilimwona mwaka uliofuata sokoni. Alisema hamkumbuki mtu mbaya kama yule, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Chuki ya watu kwake ilifika kileleni kabla ya hapo, msimu kipindupindu kilipoingia. Watu wa afya walileta dawa ya kutia kwenye maji, wakampa Profesora agawe, kwani walijua anaweza kusoma maelekezo. Akaanza kutia kwenye ndoo za watu kisimani, kwa lazima, kama anavyofanya kila kitu. Siku chache baadaye ugonjwa ukafika mtaani. Watu wakahesabu kwa namna yao: dawa ilitangulia, ugonjwa ukafuata, basi dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Na dawa ilikuwa mkononi mwa nani?

Walikuja mchana na mawe. Walivunja choo chake, wakatupa makuti, wakamwaga ndoo. Profesora alisimama mlangoni. "Vunjeni!" aliwaambia. "Vunjeni vizuri! Halafu nyie mnaoharisha mtakwenda wapi?" Mmoja wao, kijana mwenye nguvu, alikuwa ameinua jiwe akalishusha ghafla, akashika tumbo, akatoka mbio kuelekea pwani. Profesora akampigia kelele mgongoni: "Kimbia, mwanangu! Bahari mbali!"

Baadhi ya watu walicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomponya, maana watu waliocheka ni vigumu kuwarudisha kwenye kuua. Jiwe moja tu lilimpata, begani.

Ugonjwa ulipopita alijenga choo upya. Safari hii hakukiweka pale pa zamani. Alikiegemeza kwenye ukuta wetu, jirani na jiko la mama. Mama aliapa kwamba amefanya kwa makusudi, kutulisha harufu yake pamoja na wali wetu. Na hapo ndipo kuku walipoanza kazi.

Nimebakiza habari ya mkono.

Mimi ni shoto. Nyumbani walinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili nizoee kula kwa wa kulia, kama inavyopasa, na madrasa nilichapwa nikishika kalamu kinyume. Wa kulia ni wa chakula na wa heshima, wa kushoto ni wa kuchambia. Hilo kwetu halifundishwi, mtu unakua nalo. Shuleni, siku ya kwanza nilipoinua chaki kwa kushoto, darasa lilizomea. Profesora akagonga meza. "Nyamazeni! Mkono ni mkono. Usafi ni wa sabuni. Andika, Shoto." Na jina hilo likaniganda, mpaka leo naitwa Shoto na wanaonipenda na wasionipenda.

Kwa hiyo alinitetea? Ngojeni. Nilipomaliza kuandika nikamrudishia chaki kwa mkono uleule. Akaipiga ikaruka chini. "Mimi usinipe kwa huo!"

Nilisimama nikimtazama. Dakika ileile! Ndivyo alivyokuwa. Akilini mwake mkono ulikuwa mkono, lakini mwilini mwake ulikuwa bado na jina. Miaka yote niliyomjua sikumwona akipokea kitu kwa kushoto wala kutoka kushoto.

Basi mwaka jana, wakati wa mavuno ya korosho, kiharusi kikampiga. Kilichukua mguu wa kushoto na mkono wa kushoto. Ulimi kiliuacha, yaani kile ambacho mtaa mzima tungeomba kichukuliwe ndicho kilichobaki.

Mwanawe yuko Nampula, alituma watu, alituma ujumbe wa sauti, lakini mwenyewe hakufika, njia wakati ule haikuwa ya kupitika. Wanawake wa mtaani wakaanza kupokezana kumpelekea chakula. Si kwa mapenzi. Kwetu mgonjwa analishwa, hata mbaya. Aliwafukuza wote. Mmoja alimwambia wali wake una harufu ya kwapa. Mwingine alimwambia ameleta samaki wa kumroga. Mwalimu wa madrasa alikuja kumweleza kwa upole kwamba mwenye udhuru dini imempa nafuu, asiache kuswali kwa sababu ya twahara. Akamtupia kikombe. Kwa mkono wa kulia, lakini.

Tukasikia hali chakula kabisa. Maji anakunywa kidogo, ya kulowesha midomo. Watu wakasema ni kiburi, wengine wakasema uchawi umemrudia.

Mama alikuwa anakuna nazi. Akaacha kukuna. Akautazama ule ukuta wa choo, ambao siku hizo ulikuwa kimya, hakuna wa kupiga kelele ndani yake.

"Mkono wa choo ndio uliokufa," alisema. "Umebaki wa kulia. Hawezi kuupeleka huko, na hawezi kumwambia mtu amsaidie. Ndiyo maana hali. Asipokula hatakwenda choo."

Hakuna mwingine aliyekuwa ameliona hilo. Adui yake ndiye aliyeliona, maana adui hukusoma kila siku.

"Nenda weye," akaniambia. "Weye unacheka na kila mtu. Akikutukana, cheka."

Nilimkuta kitandani, kitanda cha kamba, uso umebaki mifupa. Ule mkono wa kushoto ulikuwa umelazwa juu ya tumbo lake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Chumba kilinuka sabuni. Mpaka pale!

"Nani kakutuma? Mama yako wa kuku?"

"Shikamoo, Profesora. Ndiye."

"Mwambie nimeshiba."

"Umeshiba nini? Upepo?"

"Usinijibu. Hata klase ya nane hukufika, unanijibu."

"Uji huu una karanga."

"Umwagie mpapai."

Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia wazi, maana sina akili ya kuzunguka: "Profesora, hutaki kula kwa sababu ya choo."

Alinitazama nikadhani atanitemea mate. Kisha akageuza uso ukutani. "Nitakula," akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuijua. "Halafu? Halafu nani?"

"Halafu mimi."

"Weye."

"Mimi. Si ulisema mkono ni mkono, usafi ni wa sabuni?"

"Nilisema kwa watoto," akasema. "Nilikuwa nafundisha."

Lakini nilikuwa nimetumwa kucheka, nikacheka kidogo. Nikasimama, nikaweka mkono kiunoni kama yeye, nikasema kwa sauti ya darasani, "Jiwe linakunya?"

"Toka."

"Nauliza! Jiwe linakunya?"

"Halinyi," alisema kwa hasira, akitazama ukuta.

"Mbuzi?"

Akafumba macho.

"Na Profesora wetu?"

Alinyamaza kama tulivyonyamaza sisi siku ile. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande mzima, na hakuwa na mkono wa kuyafuta isipokuwa ule aliokuwa ameulalia. Nikafikiri nimemuua. Kisha akageuka na ukali wake wote umerudi.

"Maneno rahisi! Weye na mama yako papai langu mmelifanya nini miaka yote? Mnawapa kuku. Kuku! Mnaona kinyaa na tunda, tunda lililooshwa, tunda la Mungu. Mimi mtaniona nini? Mtanishika kwa vidole viwili kama sinia."

Alikuwa amesema kweli. Nikatoka nje. Mpapai ulikuwa na tunda lililoiva upande wa jua. Nikaliangusha kwa upondo wa mtumbwi, nikaliosha, nikaingia nalo ndani, nikakaa pale anaponiona. Nikalikata.

Sitasema uongo, niliona shimo, niliona miaka yote. Nilitia kipande mdomoni nikafumba macho, nikatafuna.

Lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu kwa namna ya kuudhi, baridi, laini, halina harufu yoyote isipokuwa ya papai. Nikafikiria vile vyote vilivyoingia mle chini, vya mtu mmoja mkali, na vilivyopanda vikawa hivi.

"Eh?" akauliza.

"Tamu."

"Sema vizuri."

"Tamu, Profesora. Mungu anisamehe, tamu sana." Nikakata kingine, nikala, na sikuwa tena nakula kwa ajili yake. Juisi ilinitiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mbegu umeziacha. Kazi mbovu," alisema.

Nikakata kipande kidogo, nikakiondoa mbegu, nikamsogezea mdomoni. Kisu nilikuwa nimekishika kwa kulia, hivyo kipande kilikuwa katika kushoto. Nilikumbuka nikiwa tayari nimeshaunyoosha mkono. Nilisubiri aupige.

Aliutazama mkono wangu kwa muda. Kisha akafungua kinywa, akapokea.

Alikula karibu nusu ya papai, akilalamika kila kipande. Kimoja kikubwa, kingine kidogo, kisu changu kibutu, kidole changu kinaingia kinywani mwake. Katikati ya malalamiko hayo akasema, kama anayeendelea kulalamika, "Siku ile ya mawe, yalikuja kutoka pande zote. Ni upande wenu tu hayakutoka. Ndiyo maana nilikijenga choo pale. Mama yako mjinga anadhani ni harufu."

Nilimpelekea mama habari hiyo. Aliendelea kukoroga mchuzi ambao ulikuwa umeshaiva.

Papai si chakula cha kukaa tumboni. Kesho yake asubuhi mama alikuwa anapepeta mchele na mimi nasugua sufuria, na kuku wametuzunguka. Mara ikaja sauti kutoka ng'ambo ya ukuta, dhaifu lakini ni ileile, ya kuita majina:

"Weye Shoto! Shoto! Lete kopo! Mimi si jiwe!"

Mtaa mzima ulisikia. Mtu akacheka huko njiani. Niliacha sufuria nikakimbilia kopo, na kabla sijafika mlangoni nikamsikia mama nyuma yangu akipaza sauti, si ya kufumba, sauti kamili:

"Anakuja, Profesora! Jikaze kidogo, anakuja na maji ya vuguvugu!"

Kuku walikuwa palepale wakidonoa chenga. Safari ile hakuna aliyewatuma.